Mwanamume Asiyepimwa

Mwanamume hambebi mtoto wake kabla hajapimwa. Kila mkazi wa Ndiva Kuu aliijua kanuni hiyo kabla ya kujua kusoma, kwa sababu ilifundishwa shuleni kwa maswali na majibu, na watoto waliiitikia wakiwa wamesimama wima.

"Mama ni nani?"

"Ni yule ambaye asili imemfunga na mtoto."

"Baba ni nani?"

"Ni yule ambaye asili haikumfunga, kwa hiyo hupimwa."

"Na anayemkabidhi mtoto kwa mwanamume asiyepimwa?"

"Damu yake itatulizwa."

Mtungaji wa maswali hayo alikuwa Mzee Anaeli Mrindoko, Mkuu wa Nyumba ya Mizani. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi mbele ya kijana mmoja, fundi wa mifereji aitwaye Mbonea, akimfunga bangili ya kupimia kwenye kifundo cha mkono. Nyuma ya ukuta wa mbao muuguzi alikuwa na binti wa Mbonea, mtoto wa siku chache tu, ambaye baba yake alikuwa hajamgusa.

"Usizuie pumzi," alisema Anaeli. "Usisali pia. Wengi husali, na sala huipandisha mioyo yao ikatuharibia kipimo. Utasali baadaye."

"Nifanye nini basi, Mzee?"

"Usikilize."

Mtoto akalia. Ilikuwa sauti nyembamba, kavu, ya kiumbe ambacho hakijajua bado kwamba kuna mtu wa kumwitikia. Bangili ilinyonya jasho la ngozi na kuonja damu chini yake. Ilikuwa ikitafuta mambo mawili: kushuka kwa homoni ya ushindani, ile inayomfanya dume kupigana na kutangatanga, na kupanda kwa homoni ya uangalizi, ile inayomfanya kiumbe kukaa mahali pamoja na kulinda. Ikiyajumlisha, mizani hutoa hesabu moja kwenye kioo. Arobaini na kuendelea, mtu ni baba. Chini ya hapo, mtoto na mama yake huhamishiwa Boma la Chini, ng'ambo ya nyika, na mwanamume haonani na mtoto wake mpaka atakapokuwa ameota meno ya pili.

Kioo kilionyesha ishirini na sita.

Mbonea alirefusha shingo akakitazama, kisha akamtazama Anaeli. "Pima tena."

"Mizani haibembelezwi, mwanangu."

"Hata ng'ombe mnadani hupandishwa mizani mara mbili, Mzee!"

"Ng'ombe hana haja ya kubishana nami. Wewe ni Mpare. Nikikupima mara mbili utadai ya tatu, na ya tatu utaipeleka barazani."

"Nitaipeleka! Nimekesha mlangoni kwa mke wangu tangu alipojifungua. Nimesimama nje na mvua. Mtu asiyemtaka mtoto wake hufanya hivyo?"

"Mtu huweza kukitaka kitu akakiangamiza vilevile," alisema Anaeli, akaifungua bangili. "Nimewazika watoto waliotakwa."

Hakuyasema hayo kwa ukatili. Baada ya ukame mkubwa kulikuja Miaka ya Kutupwa, ambapo watoto waliokotwa kandokando ya barabara za nyikani, na waliowatupa, kila walipotafutwa, walikuwa wanaume. Anaeli, akiwa mwalimu wa shule ya misheni, alichimba makaburi mafupi kwa jembe lake mwenyewe. Wataalamu walipopanda mlimani na kueleza kwamba mwanamke ana hakika ya mtoto wake ilhali mwanamume ana dhana tu, na kwamba kiumbe hakijitoi kwa ajili ya dhana, yeye alilipokea neno hilo kama mtu aliyepewa taa gizani. Hatimaye palikuwa na sababu, na penye sababu pana tiba.

Mbonea alitoka bila kuaga. Langoni alimpita bawabu, mzee mnene aitwaye Mashauri, aliyekuwa akila makande. Mwanawe wa kiume ndiye aliyemletea, na alikuwa bado amechuchumaa karibu naye.

"Baba, leo mama ameweka nazi kama unavyopenda," alisema yule kijana.

"Vema," alijibu Mashauri. "Sufuria utaichukua kesho."

"Mkwe wako amepata kazi kule bwawani."

"Vema."

Mashauri hakuwa na kichaa, wala hakusahau jina la mtu. Miaka iliyopita alimruhusu ndugu yake asiyepimwa kulala chumba kimoja na kichanga chake. Alitulizwa: sindano moja ya maji yasiyo na rangi, ambayo hufunga katika ubongo vile vijilango ambavyo homoni ya uangalizi hupitia, na haijapatikana dawa ya kuvifungua. Kijana wake alimletea chakula kila siku tangu hapo, akizungumza naye kama mtu anayetupia kokoto kisima kirefu na kusubiri mlio.

*

Kesho yake alikuja Namkunda, mke wa Mbonea, na mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye maneno machache, na mwendo wake ulionyesha kwamba kujifungua kulimwumiza. Anaeli alimpa kiti na kumwuliza kama amekuja kupanga safari ya Boma la Chini.

"Nimekuja kupimwa," alisema Namkunda.

"Wanawake hawapimwi."

"Najua. Niliimba jibu hilo shuleni kwako, Mwalimu. Naomba bangili."

"Kwa sababu gani?"

Namkunda alimfungua mtoto, akamlaza mezani juu ya kanga, akamwangalia kama mtu anavyoangalia kazi ambayo bado haijaisha. "Nitakuambia neno ambalo mama yangu akilisikia atanitemea mate. Sijampenda huyu."

Anaeli aliivuta kanga kidogo, mtoto asikaribie ukingo wa meza.

"Namnyonyesha. Namwogesha. Namfanyia kama ninavyopalilia shamba la jirani siku ya msaragambo, kwa kuwa zamu ni yangu na pembe imelia. Ndani sina kitu. Na huko mlangoni yupo mwanamume anayesikia kilio cha mtoto na kulia yeye. Mwalimu, katika sisi wawili, wa kupelekwa ng'ambo ya nyika ni nani?"

"Umechoka, binti yangu. Uzazi umekutesa. Huo ni uchovu."

"Basi pima uchovu."

"Sheria haina kifungu hicho."

"Sheria haikunikataza pia. Nimetafuta. Au unaogopa kile kitakachosomeka?"

Anaeli Mrindoko hakuwa mtu wa kuchokozwa kwa neno "kuogopa," lakini alikuwa mtu wa kuheshimu hoja. Hapakuwa na katazo. Hilo lilikuwa kweli. Aliinua bangili, akaifunga kwenye mkono ule mwembamba. Mtoto alianza kulia mwenyewe bila kuguswa.

Kumi na moja.

"Ngapi?" aliuliza Namkunda, kwa maana kioo kilimwelekea mpimaji.

Katika maisha yake yote ya kazi Anaeli hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu kipimo. "Kumi na moja."

Mwanamke alitikisa kichwa taratibu, bila kushangaa, akamwinua mtoto na kumtia titi. "Ahsante. Sasa si mimi peke yangu ninayejua."

Alipoondoka, Anaeli alikaa na bangili mkononi mpaka jua likahama dirishani. Alitafuta njia ya kuitetea mizani, kama mtoto wa kiume anavyotafuta njia ya kumtetea baba aliyeshikwa na aibu. Alisema moyoni: huyu ni mmoja. Akasema: maradhi ya uzazi yanajulikana. Lakini kila hoja ilimrudisha mahali pamoja, penye historia ambayo kila mtoto wa Ndiva Kuu aliisimulia kwa fahari, na ambayo hakuna aliyepata kuigeuza na kuitazama upande wa pili.

Wakati wa ukame, ndiva, lile bwawa la mababu, ilipokauka, wanawake wa mlimani walishuka nyikani alfajiri kuchota maji na kupanda tena jioni. Wanaume, ambao kazi yao ilikuwa kuchimba na kuzibua mifereji isiyokuwa na maji tena, walibaki nyumbani na vichanga. Waliwabeba mchana kutwa. Waliwatafunia viazi. Wataalamu walipokuja na sindano zao, walichukua damu ya wanaume hao, wakaikuta imetulia kuliko damu ya wanaume wowote waliopata kupimwa, wakasema: tazameni, hii ndiyo damu ya baba wa kweli, wenye nayo wanayo, wasio nayo hawana. Kwa damu hiyo wakaiweka alama ya arobaini.

Anaeli mwenyewe alikuwa mmoja wa wanaume wale. Alikuwa amembeba binti yake Eliwaza mgongoni msimu mzima, na wasichana wa kisimani walimcheka wakimwita "Mama Anaeli." Mizani ilitengenezwa kwa damu yake. Na sasa, katika uzee, alijiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuliuliza: je, ilikuwaje kabla hajambeba?

Aliikumbuka siku ya kuzaliwa kwa Eliwaza. Aliikumbuka vizuri. Alikuwa amesimama mlangoni akifikiri kuhusu mahindi.

Basi kama kubeba ndiko kulikoibadili damu, kanuni yake ilikuwa imemkataza kila mwanamume kupanda, kisha ikamhukumu kwa kukosa mavuno. Wangapi? Alianza kuwahesabu waliopita katika kiti kile, akaacha.

Angeweza kwenda barazani na neno hilo. Baraza lingeuliza ushahidi: tuonyeshe mwanamume aliyeshindwa mizani, akabeba mtoto, damu yake ikabadilika. Hapakuwa na mwanamume wa namna hiyo. Sheria ilikuwa imehakikisha kwamba hapatakuwapo. Ushahidi pekee dhidi ya sheria ungepatikana kwa kuivunja, na atakayeivunja ni yule atakayemkabidhi mtoto.

*

Alimkabidhi mtoto Jumapili baada ya ibada, katika nyumba yake ya shambani iliyo juu ya ndiva, karibu na msitu, mahali ambapo hapafiki mtu msimu wa palizi. Namkunda alikuwapo. Mbonea alikuwa ameitwa bila kuelezwa sababu, na alipoelezwa alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta.

"Mzee, utatulizwa."

"Hilo ni shauri langu. Nyosha mikono."

"Sijui kumshika."

"Kichwa kiweke kwenye kiwiko. Hapo. Mkono mwingine chini. Fundi wa mifereji mzima unatetemeshwa na mzigo mdogo kuliko nyundo yako?"

"Nyundo haipumui, Mzee."

Namkunda alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na kicheko chenyewe kilimshangaza. Mbonea alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Hakusema kwamba moyo wake umeyeyuka, wala haukuyeyuka. Alisema, "Ananuka maziwa," kisha akauliza kama inaruhusiwa kukaa.

"Kwa leo," alisema Anaeli, "wewe tayari umekwisha kuvunja kila kinachovunjika. Kaa."

Walikaa huko, na hati ya safari ya Boma la Chini, iliyohitaji saini ya Anaeli, haikutiwa saini. Namkunda alilima, na Mbonea alibeba. Anaeli aliwataka wasimwambie kwamba wanampenda mtoto au hawampendi. Aliwataka wafanye kazi. Maharage yalipotoa maua alipanda tena huko na bangili ndani ya mfuko wa koti. Aliwapima mmoja mmoja, kila mmoja akiwa nje, mtoto akilia ndani.

Mbonea: hamsini na tatu.

Namkunda: arobaini na nane.

"Ina maana gani, Mwalimu?" aliuliza Namkunda, akimpangusa mtoto makamasi kwa ncha ya kanga, bila kuangalia anachofanya, kwa sababu mkono ulikwisha kujua njia.

"Ina maana kwamba nimewafundisha watu uongo kwa sauti moja wakiwa wamesimama," alisema Anaeli. "Asili haikumfunga yeyote kati yenu. Iliwapa kamba, basi. Kufunga ni kazi."

Alishuka mlimani siku hiyohiyo, akaenda moja kwa moja kwa Bi. Kisaka, Mwenyekiti wa Baraza, akamweleza alichofanya. Hakungoja kukamatwa. Kwa mtu wa malezi yake, kungoja kukamatwa kulikuwa namna ya kusema uongo.

*

Bi. Kisaka alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani, aliyesoma sheria kwa bidii na kuzishika bila chuki. Alikuwa pia mwanafunzi wa zamani wa Anaeli. Baraza liliketi chini ya paa la bati kando ya ndiva, watu wakiwa wameyazunguka maji. Mtoto alikuwa ametwaliwa tayari. Alikuwa mikononi mwa wauguzi, na gari la kumpeleka yeye na mama yake Boma la Chini lilitazamiwa. Mbonea aliketi mstari wa mbele, viganja juu ya magoti, akiitazama barabara. Kando yake Namkunda alikuwa amekunja kanga tupu mapajani.

Anaeli alisimama. "Mwenyekiti, ninalo neno kuhusu mizani."

"Keti, Mwalimu," alisema Bi. Kisaka. "Unalo deni."

Mnong'ono ukapita, kisha ukafa. Kila mtu alijua maana yake. Tangu zamani za mababu waliochimba ndiva, mtu aliyekosa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua bwawa na mifereji, hakuwa na mdomo barazani mpaka alipe adhabu yake. Aliweza kuwa tajiri, aliweza kuwa mchungaji. Akisimama aliambiwa aketi. Desturi hiyo ilikuwa imeingizwa katika sheria zote mpya, kwa sababu ilikuwa ya haki: asiyebeba mzigo wa wote asiwaelekeze wote.

"Nimevuka kanuni na nimekiri," alisema Anaeli akiwa bado amesimama. "Lakini kipimo ninacho. Mizani yenyewe ni mbovu."

"Inawezekana. Sijui. Nami siwezi kujua, kwa kuwa sijakusikia, na siwezi kukusikia." Bi. Kisaka aliinua vidole viwili. "Una njia mbili, na ni wewe uliyenifundisha kuzitaja. Waweza kukata rufaa. Itasikilizwa baada ya mvua za masika, na mpaka hapo hutatulizwa, lakini mtoto atakaa Boma la Chini na hakuna atakayetoa ushahidi, kwa maana kipimo husemwa na mpimaji tu. Au waweza kulipa. Ukilipa, mdomo wako ni wako saa ileile."

"Mpaka masika!" alisema Mbonea, akiinuka. "Atakuwa anatembea! Damu yangu itakuwa imerudi kule ilikokuwa, mtanipima tena, mtasema, 'Si tulisema?' Mzee, waambie! Uliniambia mwenyewe kwamba —"

"Keti, mwanangu," alisema Anaeli. "Mwenyekiti anasema kweli."

"Kweli gani! Wewe ndiwe unayejua, na wewe ndiwe usiyeruhusiwa kusema?"

"Ndiyo. Imekuwa hivyo." Akamgeukia Bi. Kisaka. "Nitalipa, kisha nitasema neno langu. Niruhusu niongee na binti yangu kwanza."

*

Eliwaza alikuja kutoka kiwanda cha chai alikofanya kazi, akiwa na vumbi la majani kwenye mikono ya gauni. Alikuwa mama wa watoto watatu, na mama yake alikwisha kufariki. Waliketi kwenye benchi la nje, jua la mchana likiwapiga miguuni.

"Kata rufaa," alisema kabla baba yake hajafungua kinywa.

"Umekwisha kusikia, basi."

"Mji mzima umesikia. Baba, kata rufaa. Masika si mbali."

"Kwa mtoto wa miezi mitatu, masika ni mbali sana."

"Mimi pia ni mtoto!" Alisema kwa nguvu, akajizuia, akaangalia kama watu wanawasikia. "Mimi pia ni mtoto wa mtu. Ukishatulizwa nitakuja kukuamkia, utaitikia, na hapatakuwa na mtu nyuma ya sauti. Nimemwona mwana wa Mashauri. Nitakuwa yule, na sufuria yangu mkononi."

Akapangusa vumbi la majani kwenye gauni, akaendelea.

"Tena fikiri kwa akili yako mwenyewe, uliyokuwa ukitusifia. Ukitulizwa hutamjali mtoto wa Mbonea. Hutamjali mtu. Utasimama pale mbele ya Bi. Kisaka na kujiuliza kwa nini ujisumbue. Utaketi. Utakuwa umenipoteza mimi bure."

Hilo ndilo lililokuwa likimtisha Anaeli tangu asubuhi, na kulisikia kwa sauti ya mwanawe kulikuwa kama kusomewa hukumu. Upande mmoja palikuwa na binti huyu, ambaye uzito wake wa utotoni mgongo wake uliukumbuka hata sasa. Upande wa pili alikuwa mtoto wa watu, na nyuma yake wote waliopita katika kile kiti.

"Ulipozaliwa," alisema hatimaye, "sikuwa na kitu moyoni kwa ajili yako. Nilikubeba kwa sababu mama yako alikwenda kuchota maji na ilipasa mtu akubebe. Wajibu ulitangulia, mapenzi yaliufuata nyuma kama mbwa. Nilikuwa baba yako kabla sijakupenda, Eliwaza. Naamini mtu aweza kuwa hivyo hata baada ya mapenzi kwisha."

"Unaamini. Hujui."

"Sijui."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nitaketi kama ulivyosema, na yote yatakuwa bure. Lakini nikikata rufaa, najua kabisa nitakalokuwa nimefanya: nitakuwa nimemtoa mtoto wa Mbonea ili nibaki na wangu. Hivyo ndivyo wataalamu walivyosema kwamba dume hufanya. Nisingependa kuwa ushahidi wao."

Eliwaza alilia kwa hasira. Anaeli aliushika mkono wake wenye vumbi la chai, akaushika kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake, akijitahidi kulitazama jambo lile kwa makini lilivyo, kama mtu anavyokitazama chumba kabla ya kufunga mlango wake.

*

Sheria ilitaka adhabu itolewe hadharani na ndugu mmoja ashuhudie. Daktari wa Baraza alikuja na kisanduku. Anaeli alivua koti, akalikunja, akakunja na mkono wa shati. Hakuhutubia. Sindano ilikuwa nyembamba na haikumwumiza zaidi ya mwiba wa waridi.

Walingoja kando ya maji dawa ipate kupenya. Mwanzoni hakuona tofauti. Kisha, kama mvumo wa kiwanda ambao mtu hakuwa akiusikia mpaka ulipokoma, kitu kikanyamaza. Aliendelea kufahamu kila jambo. Alifahamu kwamba mwanamke aliyesimama karibu naye ni Eliwaza, binti yake wa pekee, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, mama wa watatu. Zilikuwa habari sahihi.

Daktari alimfunga bangili. "Mwite," alimwambia Eliwaza.

"Baba," alisema Eliwaza.

Kioo kilionyesha sifuri.

"Mara nyingine."

"Baba!"

Sifuri.

"Adhabu imelipwa," alitangaza Bi. Kisaka, akavua miwani, akaivaa tena. "Mzee Anaeli Mrindoko hana deni. Kama ana neno, aseme."

Mbonea alikuwa ameinama, mikono yake imeshikana nyuma ya shingo. Namkunda alimtazama Anaeli moja kwa moja. Gari la Boma la Chini lilikuwa limefika, na mtoto aliyekuwa ndani alikuwa akilia. Anaeli alikisikia kilio chake, akatambua kwamba kilikuwa kilio cha mtoto.

Alijichunguza, akitafuta sababu ya kuinuka, na hakuiona mahali alipoizoea. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba alikuwa ameahidi. Ahadi ilikuwa bado ipo, peke yake, kama nguzo iliyobaki nyumba ikiwa imeungua.

Akainuka.

Alizungumza kama anayesoma somo. Alieleza kuhusu ukame, kuhusu wanaume waliobeba, kuhusu damu iliyowekewa alama baada ya kubeba na si kabla. Alitaja ishirini na sita na hamsini na tatu. Alimtaja mwanamke aliyesoma kumi na moja, na Namkunda mwenyewe akasimama mbele ya watu wote, akasema, "Ni mimi." Baadhi ya wanawake waliguna kwa kuchukizwa. Wengine waliinamisha macho, na hawakuwa wachache.

"Mwalimu," alisema Bi. Kisaka alipomaliza, "kioo kimetuonyesha kwamba humpendi tena mtu yeyote aliye hai. Unatuambia haya kwa faida ya nani?"

"Sijui kwa faida ya nani," alijibu Anaeli. "Ni kweli, na nilisema nitaisema."

Baraza lilishauriana. Uamuzi wao ulikuwa mdogo kuliko ukweli uliotamkwa, kama ilivyo kawaida ya mabaraza: mtoto wa Mbonea asipelekwe; Nyumba ya Mizani ifungwe mpaka mavuno, ndipo shauri litazamwe tena; waliokwisha kutengwa na watoto wao wasubiri. Kuhusu waliotulizwa hapakusemwa neno, kwa maana hapakuwa na neno la kuwasaidia.

Muuguzi alishuka garini. Mbonea alimpokea mtoto, kichwa kwenye kiwiko, mkono mwingine chini, akaja naye mpaka mbele ya Anaeli akitaka kusema kitu, akashindwa. Anaeli alimjulisha kwamba mtoto alikuwa na baridi na kwamba ingefaa afunikwe. Namkunda alimfunika.

Watu walitawanyika. Eliwaza alibaki amesimama mahali alipokuwa wakati wa bangili, na machozi yalikuwa yakimtiririka usoni hadi kwenye ukosi wa gauni. Anaeli alimwona. Akafikiri kwamba si adabu mwanamume mzee kumwacha mwanamke akilia hadharani bila kumsaidia, yeyote yule awaye. Akaitoa leso mfukoni, akaikunjua, akampa.

"Pole, mama," alisema kwa heshima.

Eliwaza akaipokea.